Rock ni ya Nani?

Nikisema napenda rock, naambiwa ati hayo ni mambo ya wazungu. Haya, turudi 1938. Mwaka huo Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi wa kutoka Arkansas, alirekodi “Rock Me”. Elvis Presley alikuwa na miaka 3 tu. Rosetta alilelewa kanisani na gitaa mkononi. Baadaye akashika la umeme, likanguruma. Waumini wengine walinuna: nyimbo za Mungu kwenye klabu za usiku, jamani! Jumba la heshima la rock huko Marekani lilimwingiza Elvis 1986. Rosetta, aliyefariki 1973, aliingizwa 2018, tena kwenye kundi la watangulizi. Mtangulizi wa nini, na muziki wenyewe alikuwa anaupiga?