Michezo ya Vikundi na Msamiati wa Kiingereza

Wako walimu wenzetu wanaodhani kwamba kuwachezesha watoto ili wapate maneno ya Kiingereza ni kupoteza wakati, na wengine hudhani ni mtindo ulioletwa juzi na wageni. Jambo hili lina historia ndefu, na sehemu yake muhimu ilitendeka hapa jirani, mjini Nairobi.

Katika karne ya 19 Mfaransa mmoja aliyekuwa mwalimu wa Kilatini, François Gouin, alikwenda Hamburg kujifunza Kijerumani. Alikariri sarufi, akakariri vitenzi, hata kamusi akaimeza. Lakini alipoingia katika ukumbi wa mihadhara hakufahamu kitu. Aliporejea kwao alimkuta mtoto wa ndugu yake, mwenye umri wa miaka mitatu, amekwisha kuwa msemaji. Siku moja mtoto huyo alipelekwa kutazama kinu cha kusagia nafaka. Aliuliza maswali mengi, kisha nyumbani akaanza kuigiza: akajaza vifuko mchanga, akavibeba hadi kwenye kinu chake cha kuchezea, huku akitaja kila tendo kwa mpangilio. Gouin alipata hapo fikra ya kitabu alichokitoa mwaka 1880. Ajabu ni kwamba masomo aliyoyatunga yaligeuka kuwa mifululizo mirefu ya sentensi, na mchezo wenyewe ukabaki nyuma.

Mwingereza Harold Palmer, aliyefika Japani mwaka 1922 kuishauri Wizara ya Elimu, alitoa pamoja na binti yake, mwaka 1925, kitabu cha kufundisha Kiingereza kwa vitendo. Katika miaka ya 1960 James Asher wa California aliifanyia majaribio fikra iyo hiyo: mwanafunzi asikie amri na kuitii kwa mwili kabla ya kutakiwa kusema. Mtoto anayekwenda kugusa dirisha alipoamriwa amekwisha kulijua neno hilo, ijapokuwa yu kimya.

Sasa tuje Nairobi. Mwaka 1957 ilianzishwa huko, katika shule za watoto wa Kiasia, mbinu mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Wanafunzi walitoka katika nyumba zilizosema Kigujarati, Kipunjabi na lugha nyinginezo. Waliketi kwa vikundi, wakajifunza maneno kwa kadi, kwa vitu vya kushikwa mkononi na kwa shughuli. Baadaye mbinu hiyo ilipelekwa katika shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza. Hapo mambo yalikwenda mbio kupita uwezo wa kuwaandaa walimu. Mwaka 1976 ripoti ya Gachathi ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo.

Husemwa kwamba mbinu ya Nairobi ilishindwa. Kwa maoni yangu, kilichoshindwa ni kuifanya lugha ngeni kuwa lugha ya masomo yote mikononi mwa walimu wasioandaliwa. Michezo ilibebeshwa lawama isiyo yake.

Kwetu Uganda, mtaala wa mwaka 2007 uliweka lugha ya eneo kuwa ya kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo, na Kiingereza kikawa somo. Kipindi hicho kifupi ndicho mahali pafaapo pa mchezo. Taabu yetu ni wingi wa watoto, uliozidi tangu elimu ya msingi kwa wote ianze mwaka 1997. Ukiwaamrisha watoto themanini pamoja, walio nyuma huiga tu walio mbele. Heri kuwagawa kumi kumi chini ya miti, kila kundi na kiongozi wake mtoto, naye abadilishwe mara kwa mara. Wala anayekosea asitolewe mchezoni, maana huyo ndiye mwenye haja zaidi ya neno lile. Ahamie kundi jirani aendelee kucheza.