Ramani Yetu, Jarida Lao
Natoka Kambi Muru, Kibera. Hadi 2009, kwenye OpenStreetMap mtaa wetu ulikuwa tupu. Vijana wa hapa wakashika GPS, wakazunguka vichochoroni, wakaweka vyoo, zahanati na shule. Map Kibera ikazaliwa.

Sasa watu wanabishana: jarida changa la sheria, la wanafunzi, la mtandaoni tu, liingie ensaiklopidia? Harvard Law Review ilianzishwa na wanafunzi 1887. Strathmore Law Review ya hapa Nairobi pia ni ya wanafunzi. Uanafunzi si kosa. Lakini Map Kibera haikupata jina kwa kuzaliwa tu. Wengine waliitumia, wakaandika juu yake. Jarida nalo lisubiri linukuliwe. Lichambue kesi zetu za ubomoaji na vitambulisho. Mawakili wakilihitaji, ensaiklopidia haitakuwa na ujanja.