Kichwa cha Nduna na Figo ya Ndugu

Mgeni afikaye Mahenge, mjini Songea, akaingia katika makumbusho ya Majimaji, huonyeshwa kaburi la halaiki la wazee wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, kisha akaonyeshwa kaburi la pekee la Nduna (jemadari wa Kingoni) Songea Mbano, aliyeuachia mji jina lake. Na wenyeji hawaachi kumweleza kwamba mzee huyo amelala bila kichwa, kwani kilikatwa kikachukuliwa Ulaya. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo tarehe 1 Novemba 2023, akaomba radhi, na akawaahidi wajukuu wa nduna msaada wa kukitafuta.

Naanzia kaburini kwa makusudi, ingawa ninalokusudia kueleza ni tarehe ya fani iliyo changa kwetu, yaani mafunzo ya mwanafunzi wa ustawi wa jamii katika huduma ya kupandikiza viungo. Kwa sababu kijana wa Songea aingiaye kazi hiyo amelelewa katika mji unaojua vyema maana ya kiungo cha mtu kuondolewa pasipo idhini yake wala ya jamaa zake.

Mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipowaka Umatumbi na kuenea hata Ungoni, daktari Richard Cabot wa Boston, Marekani, alimwajiri muuguzi Garnet Pelton afanye kazi ya ustawi, awaulize wagonjwa yale ambayo tabibu hayaoni kwa macho: wanalala wapi, wanakula nini, nani anawatazama. London ilikuwa imetangulia mwaka 1895, alipowekwa Mary Stewart katika hospitali ya Royal Free, ambaye sehemu kubwa ya wadhifa wake ilikuwa kupambanua mwenye uwezo wa kulipa na asiye nao. Urithi huo tunao hata leo, kwani tangu uchangiaji wa gharama uingie katika hospitali za serikali mwaka 1993, watu wengi humjua afisa ustawi kuwa ni mtu wa msamaha wa malipo tu, nami naona wamempunja.

Ilikuwa Boston tena, tarehe 23 Desemba 1954, daktari Joseph Murray alipompandikiza Richard Herrick figo ya pacha wake Ronald. Na hapo tiba ikakabiliwa na shauri geni, la kumpasua mtu mzima wa afya kwa maradhi ya mwenziwe. Kwetu chuo kilitangulia upasuaji: sheria namba 26 ya 1973 ilianzisha chuo cha ustawi wa jamii, kilichoko Kijitonyama, Dar es Salaam. Lakini figo ya kwanza ilipandikizwa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Novemba 2017, kwa msaada wa madaktari wa Kihindi, na Dodoma, katika hospitali ya Benjamin Mkapa, Machi 2018, kwa msaada wa Wajapani. Kabla ya hapo wagonjwa walivuka bahari kwenda India, ambako sheria ya 1994 hutaka udugu wa mtoaji na mpokeaji uthibitishwe.

Na udugu, kwa Mswahili, ni bahari. Mgonjwa aliyesafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea hadi Muhimbili atasema, "Huyu ni kaka yangu," na hasemi uongo, kumbe ni mtoto wa baba mkubwa, au wa mama mdogo, au kijana aliyelelewa nyumba moja naye. Mwanafunzi hujifunza kuchora nasaba hiyo kwenye karatasi, polepole, bila kumfanya mtu ajione mshitakiwa.

Kisha huja lile lililo gumu. Jamaa huombwa wasubiri nje kwenye benchi, mtoaji akabaki peke yake, naye aghalabu ni mdogo mtu, asiyezoea kukataa mbele ya wakubwa. Baada ya shikamoo na habari za safari huulizwa: "Ukisema hapana leo, nyumbani watakupokeaje?" Wapo wanaocheka, wapo wanaotazama mlango. Mwanafunzi hukatazwa kukijaza kwa maneno yake kile kimya kinachofuata. Na ikiwa jibu ni hapana, zipo hospitali duniani ambako jamaa huambiwa kwa ufupi tu kwamba hafai kutoa. Sababu hubaki ndani ya faili, na kijana hutoka akaketi benchini pamoja na wenzake.