Hazina Tupu, Vita Kuu: Milki ya Osmani, 1914

Tangu 1881, kodi za chumvi na tumbaku zilikwenda moja kwa moja kwa wadai wa Ulaya. Vita vya Balkani (1912–1913) vikakomba kilichosalia. Kwa nini basi kupigana tena? Istanbul iliihofia Urusi, na iliamini kuwa dola isiyo na mshirika itagawanywa.

Agosti 1914 Uingereza ilitwaa manowari mbili ilizokuwa ikiwaundia Waosmani. Sehemu ya gharama ilikuwa michango ya raia wa kawaida. Uchungu ulikuwa mkubwa, na wa haki. Ujerumani ikaleta manowari zake Goeben na Breslau, kisha mkopo wa dhahabu. Tarehe 29 Oktoba manowari hizo zilishambulia bandari za Urusi, Bahari Nyeusi.