Nani atashika ufunguo wa depo? Wanawake na cheo cha usimamizi katika maduka yetu



Katika maduka ya Kamina si vigumu kumwona mwanamke nyuma ya meza ya kuuzia. Anapima unga, anahesabu chupa, anapokea franka na dola, na wateja anawajua kwa majina. Lakini ukiuliza ni nani anashika ufunguo wa depo, nani anatia sahihi kwenye karatasi za mali iliyotoka Lubumbashi, nani anapanga bei na kuajiri watu, mara nyingi utaonyeshwa mwanaume.

Makala hii inahusu jambo hilo: ubaguzi kati ya wanaume na wanawake wakati wa kupandisha watu cheo katika biashara ya maduka. Tutaeleza maana yake, sheria ya nchi yetu, jinsi ubaguzi unavyoendelea hata pale sheria inapoukataza, mafundisho ya Maandiko, na hatua ambazo mwajiri, mfanyakazi na Kanisa wanaweza kuchukua.

Maana ya ubaguzi huu

Si kila mwanamke aliyekosa cheo amebaguliwa. Mwenye duka ana haki ya kumchagua mtu anayejua hesabu vizuri zaidi, mwenye uzoefu mrefu zaidi, au aliyejaribiwa na kuonekana mwaminifu. Ubaguzi unaanza pale ambapo mwanamke anawekwa kando kwa sababu ni mwanamke, au kwa sababu ameolewa, ana mimba au ana watoto wadogo, wakati mwanaume mwenye watoto hao hao haulizwi neno.

Ubaguzi huu una sura mbili. Ya kwanza ni ya wazi: mwenye duka anasema mbele ya watu kwamba hawezi kumpa mwanamke usimamizi. Ya pili ni ya kimya. Hakuna anayesema neno. Nafasi haitangazwi, sifa zinazotakiwa hazitajwi, na asubuhi moja wafanyakazi wanaambiwa kwamba kijana fulani sasa ndiye mkubwa wao. Tukiwasikiliza wamama wa makanisa yetu wanaofanya kazi madukani, malalamiko tunayoyasikia zaidi ni ya sura hii ya pili. Mwanamke anamfundisha kijana kazi, anamwonyesha daftari na wateja, na baadaye kijana huyo huyo anawekwa juu yake.

Tulikotoka

Ili tuelewe mahali tulipo, tukumbuke tulikotoka. Sheria ya kazi ya mwaka 1967 ilikubali mwanamke aliyeolewa aajiriwe, lakini ilimpa mume nafasi ya kupinga. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria ambalo ndani yake anaahidi huduma atakayoifanya yeye mwenyewe. Mkataba wa kazi ni tendo la namna hiyo. Mwajiri aliyetaka kumpandisha mwanamke aliweza basi kujitetea kwamba hajui kama mume atakubali, na utetezi huo ulikuwa na mguu wa kusimamia katika sheria.

Mguu huo umeondolewa. Sheria mpya ya kazi ya mwaka 2002 haikuweka tena nafasi ya mume kupinga. Tarehe 15 Julai 2016 sheria ya jamaa ilirekebishwa, na ruhusa ya mume ikafutwa. Leo mume na mke wanatakiwa kupatana juu ya matendo yanayowafunga, kila mmoja kwa mwenzake. Wasipopatana kabisa, aliyeumizwa anaweza kwenda kwenye mahakama ya amani. Sharti hilo ni la wote wawili. Si la mke peke yake.

Sheria inasema nini leo

Haya ndiyo mambo makuu ambayo kila mfanyakazi na kila mwajiri apaswa kuyajua:

- Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 14, inaitaka serikali iondoe kila namna ya ubaguzi dhidi ya mwanamke. Kifungu cha 36 kinasema kwamba mtu asidhulumiwe katika kazi yake kwa sababu ya jinsia yake.
- Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 inaeleza jinsi haki za mwanamke na usawa vitakavyotekelezwa, pamoja na mambo ya kazi na uchumi.
- Sheria ya kazi, kifungu cha 86, inataka mshahara uwe sawa kwa watu wenye kazi sawa, ujuzi sawa na matokeo sawa, bila kutazama asili, jinsia wala umri.
- Kifungu cha 62 kinakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya jinsia, hali ya ndoa, majukumu ya jamaa au mimba.
- Kifungu cha 130 kinampa mwanamke anayejifungua wiki 14 za mapumziko, na sehemu mbili kati ya tatu za malipo yake.

Wengi watasema kwamba maduka mengi hayana mikataba ya maandishi. Ni kweli, lakini mfanyakazi asiye na karatasi hajapoteza haki. Sheria inamruhusu kuthibitisha kazi yake kwa njia nyingine: mashahidi, daftari la mishahara, ujumbe wa simu.

Kwa nini sheria peke yake haitoshi

Nchi yetu imeona wanawake wakifika juu. Sophie Kanza alikuwa waziri mwaka 1966. Mwaka 2021 mwanamke aliteuliwa kuwa gavana wa Benki Kuu, na mwaka 2024 Judith Suminwa Tuluka akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke. Iwapo mwanamke anaweza kushika ufunguo wa Benki Kuu, kwa nini ufunguo wa depo ya chumvi na sabuni uwe mzito kwake?

Jibu tunaweza kulipata katika kesi moja ya Marekani iliyojulikana duniani kote. Betty Dukes alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Mwaka 1994 alianza kazi katika duka la Walmart mjini Pittsburg, California, akitumaini kupanda. Mwaka 2001 yeye na wenzake waliishitaki kampuni hiyo kwamba wanawake hawapandishwi cheo wala kulipwa kama wanaume. Katika mashauri hayo ilielezwa kwamba wanawake walikuwa asilimia 70 ya wafanyakazi wa kulipwa kwa saa, lakini asilimia 33 tu ya wasimamizi.

Kampuni ilikuwa na kanuni iliyoandikwa inayokataza ubaguzi. Lakini uamuzi wa kumpandisha mtu uliachwa mikononi mwa msimamizi wa kila duka, kwa jinsi alivyoona yeye. Nafasi za mafunzo ya usimamizi hazikutangazwa kila mara. Mtu aliguswa begani, akaitwa. Tarehe 20 Juni 2011 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji 5 dhidi ya 4, ilisema kwamba wanawake wale, wapatao milioni 1.5, hawawezi kushitaki kwa pamoja, kwa sababu hapakuwa na amri moja iliyowaumiza wote. Haikuamua kama kampuni ilibagua au haikubagua. Betty Dukes alifariki mwaka 2017.

Tunajifunza nini? Kwamba katazo lililoandikwa linaweza kukaa ukutani, na ubaguzi ukaendelea chini yake, mradi uchaguzi unafanywa na jicho la mtu mmoja, bila tangazo na bila sifa zilizotajwa. Na ubaguzi wa namna hii ni mgumu kuuthibitisha, kwa kuwa hauachi karatasi. Kwa hiyo kazi kubwa iliyobaki kwetu ni juu ya namna ya kuchagua.

Sababu tunazozisikia Kamina

Wenye maduka si watu wabaya wote. Wengi ni waamini wetu, na wana sababu zao. Tuzipime.

*"Msimamizi lazima asafiri kuleta mali."* Kamina ni mji wa njia ya reli, na bidhaa nyingi zinatoka mbali. Safari ni ndefu na inachosha. Lakini je, mwanamke yule ameulizwa kama anaweza kusafiri? Wamama wetu wengi wanasafiri na mizigo yao wenyewe kwenye treni hiyo hiyo. Na kama usalama ni tatizo, mtu mwingine anaweza kutumwa kuleta mali, msimamizi akabaki na duka.

*"Atazaa na kuacha kazi."* Wiki 14 ni muda unaojulikana mapema. Mwenye duka anaweza kumwandaa msaidizi. Mwanaume naye anaugua, anasafiri kwa msiba, au anaondoka bila kuaga.

*"Wanaume hawatamtii."* Watamtii yule ambaye mwenye duka mwenyewe anamheshimu. Tajiri akimweka mwanamke kuwa mkubwa, kisha akawapigia simu vijana na kuwapa amri nyuma yake, basi tajiri ndiye aliyewafundisha kutotii.

*"Mume wake atakula mali ya duka."* Hofu hii inaweza kusemwa pia juu ya ndugu na wajomba wa msimamizi mwanaume. Dawa yake ni kuhesabu mali kila mwezi mbele ya mashahidi, kwa kila msimamizi.

Maandiko yanatufundisha nini

Katika Matendo 6 tunasoma habari za malalamiko juu ya ugawaji. Wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wanyamaze. Waliwaita wanafunzi wote, wakataja wazi sifa zinazotakiwa, yaani ushuhuda mwema, Roho na hekima, kisha watu wakachagua. Ni kweli kwamba waliochaguliwa siku ile walikuwa wanaume saba. Hatulifichi neno hilo. Lakini njia waliyoitumia ni fundisho kwetu: lalamiko lilisikilizwa, sifa zikatajwa mbele ya wote, na uchaguzi haukufanywa gizani.

Katika Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa sababu hakuwa na mwana. Musa alipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wana haki. Sheria ya urithi ikabadilika kwa sababu wanawake walisema, na kiongozi akasikiliza.

Yakobo, katika sura ya 2, anakemea kupendelea watu kwa sura ya nje. Naye Lidia wa Matendo 16 alikuwa mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, mwenye nyumba yake, na nyumba hiyo ikawakaribisha mitume.

Wengine watatuletea maneno ya Paulo kwa Timotheo juu ya mwanamke kumtawala mwanaume. Makanisa ya mtandao wetu hayana nia moja juu ya wanawake kuwa wachungaji, na makala hii haikusudii kumaliza mjadala huo. Lakini Paulo hapo anasema juu ya mafundisho katika kusanyiko. Kupanga bei ya mafuta na kukagua magunia si mambo ya kusanyiko.

Hatua za kuchukua

*Kwa mwenye duka.* Nafasi ikipatikana, iandike na uibandike mahali ambapo wafanyakazi wote wataiona. Taja sifa: hesabu, kusoma na kuandika, miaka ya kazi, uaminifu. Wape wote wanaoomba jaribio moja. Waulize wanaume na wanawake maswali yale yale; usimuulize mwanamke habari za mimba ikiwa mwanaume humuulizi habari za watoto. Baada ya kuchagua, mweleze kila aliyekosa ni kwa nini.

*Kwa mfanyakazi.* Mwambie mkubwa wako wazi kwamba unataka cheo, mbele ya shahidi au kwa barua. Andika katika daftari tarehe, kazi ulizofanya na watu uliowafundisha. Zungumza na mume wako mapema, ili neno lake lisitumiwe dhidi yako. Ukidhulumiwa, anza na mazungumzo. Yakishindikana, nenda kwa inspekta wa kazi: kifungu cha 298 cha sheria ya kazi kinataka mashauri yapite kwake kwa mapatano kabla ya kufika mahakamani. Usiende peke yako. Mtafute mtu wa chama cha wafanyakazi au mzee wa kanisa akusindikize.

*Kwa mume.* Mke akipewa cheo, saa zake zitabadilika. Kupika, maji na watoto haviwezi kubaki vyote juu yake. Kupatana ambako sheria inakutaka kuna maana hiyo pia.

*Kwa Kanisa.* Makanisa yetu yana maduka ya vitabu, famasi, nyumba za wageni na mashamba. Kabla ya kumwandikia tajiri barua, kila kamati ifungue daftari lake: wasimamizi ni nani, walichaguliwaje, nafasi ilitangazwa wapi? Idara ya wamama inaweza kuanzisha mafunzo ya jioni ya hesabu za duka, kompyuta na sheria ya kazi. Na mchungaji anapohubiri juu ya uaminifu wa wafanyakazi, ahubiri pia juu ya haki ya waajiri, maana Bwana anawasikia wote wawili.

Tunaomba kila parokia isome makala hii pamoja na wafanyabiashara wake, hata kama ni watatu tu, na kuuliza swali moja: nafasi ya usimamizi itakapopatikana tena, itatangazwa wapi, na nani ataruhusiwa kuiomba? Bwana awape hekima wenye kuchagua, na ujasiri wale wanaongojea.