Kilichobaki cha Umma Party

Nilipokuwa mtoto Ng'ambo, mwishoni mwa miaka ya 1970, mtaani petu palikuwa na mzee mmoja ambaye watu wakimwita Komredi. Jina hilo halikutajwa kwa sauti kubwa, na mara nyingi aliyelitaja alitazama nyuma yake kwanza. Siku moja nikamwuliza ami yangu maana yake. Akanijibu: "Hilo ni neno la watu wazima, mwanangu. Wewe mwamkie shikamoo, inatosha."

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikijifundisha Kiingereza mwenyewe kwa kamusi kuukuu, nikakuta kwamba asili ya neno hilo ni chumba: komredi ni yule uliyelala naye chumba kimoja. Nikamkumbuka mzee yule. Wakati huo nilikwishajua kwamba chumba alichokilala na wenzake kwa miaka kadhaa kilikuwa cha jela.

Makomredi wetu walitoka katika chama kidogo ambacho umri wake haukufika mwaka mmoja. Umma Party kiliundwa Juni 1963 na kikajivunja Machi 1964. Hakikupata kiti hata kimoja katika baraza la kutunga sheria. Hata hivyo, zaidi ya miaka sitini baadaye, jina lake bado linazua mabishano barazani kabla kahawa haijapoa. Yafaa tujiulize kwa nini, na kama katika mabishano hayo kuna kitu cha kuwasaidia watakaokuja.

Mwanzilishi wake, Abdulrahman Mohamed Babu, alizaliwa Unguja mwaka 1924. Alikwenda Uingereza mwaka 1951, akafanya kazi ya ukarani wa posta huku akisoma, na aliporudi mwaka 1957 akawa Katibu Mkuu wa Zanzibar Nationalist Party. Yeye ndiye aliyekipa chama kile matawi, umoja wa vijana na mazoea ya kazi za kila siku, baada ya kushindwa vibaya katika uchaguzi wa Julai mwaka huo. Mwaka 1962 serikali ya kikoloni ilimfunga kwa kosa la uchochezi. Alipotoka, alihitilafiana na uongozi wa Ali Muhsin Barwani juu ya mwelekeo wa chama na uteuzi wa wagombea, akajiuzulu na kuondoka na kundi la vijana na watu wa vyama vya wafanyakazi.

Wenye kupenda lugha wataona kwamba kuondoka huko kulikuwa pia kuhama kutoka neno moja kwenda jingine. Chama walichokiacha watu walikiita Hizbu, na hizbu kwa Kiarabu ni chama au kundi. Chama kipya walikiita Umma, yaani watu wote. Neno ni la Kiarabu pia, na Mwislamu wa visiwani alilijua tangu chuoni, lakini vijana wale walilipa maana ya wavuja jasho: kuli wa bandarini, mchukuzi, mkulima na karani wa mshahara mdogo. Walitaka mtu ahesabiwe kwa kazi aifanyayo, asihesabiwe kwa babu aliyemzaa. Katika safu zao walikuwamo wenye asili ya Kiarabu, ya Kingazija, ya Kishirazi na ya bara, na katika mwaka 1963 jambo hilo halikuwa dogo.

Ili tuelewe uzito wake, tukitazame chama kingine kidogo cha zama zile, Zanzibar and Pemba People's Party cha Mohamed Shamte, kilichozaliwa mwishoni mwa 1959 kwa kujitenga na Afro-Shirazi Party. Katika uchaguzi wa Januari 1961 ASP ilipata viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3. Wawili katika wale watatu walikwenda upande wa Hizbu, mmoja akaenda ASP, na baraza likakwama kumi na moja kwa kumi na moja. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo. Vyama vikubwa vikapata 10 kila kimoja, ZPPP kikapata tena 3, na safari hii vyote vitatu vikaungana na Hizbu. Machafuko ya Juni 1961 yaliua watu 68. Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu ilipata 12 na ZPPP 6, na Shamte, kiongozi wa chama kilicho kidogo kuliko vyote barazani, akawa Waziri Mkuu wa nchi iliyopata uhuru tarehe 10 Disemba 1963.

Basi hapa tuna vyama viwili vidogo. Kimoja kilikuwa na viti, na kwa viti hivyo kiliamua nani atawale. Cha pili hakikuwa na kiti. Kilikuwa na watu waliosoma pamoja, walioweza kuandika, kupanga mgomo na kutunza siri. Leo ni nani anayejiita mwana wa ZPPP? Nguvu yake ilikuwa ya hesabu, na hesabu ilipofutwa kikafutika nacho.

Serikali mpya iliiogopa Umma kuliko ilivyoiogopa ASP. Mapema Januari 1964 ilikipiga chama marufuku, na Babu akavuka kwenda Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari serikali ikapinduliwa. Hao makomredi, ambao baadhi yao walikuwa wamepata mafunzo ya kijeshi Cuba, hawakuyaanzisha mapinduzi yale, lakini walijiunga nayo mara moja, na katika Mji Mkongwe nidhamu yao ilionekana. Babu alirudi pamoja na Abeid Karume na Abdulla Kassim Hanga, akawa Waziri wa Mambo ya Nje.

Siku zile watu wengi waliuawa, wengi wao Waarabu, kwa sababu ya asili zao na si kwa matendo yao. Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa Umma hawapendi kulikabili. Chama kilichofundisha kwamba asili si hoja kilijikuta ndani ya mapinduzi ambayo kwa watu wengi wa mitaani na mashamba hoja yake ilikuwa asili. Baadhi ya wanachama wake waliwaokoa jirani na jamaa. Lakini kama chama hawakusimama hadharani kuyakemea yaliyotendeka, na baada ya wiki chache hawakuwa tena na chama cha kusimamia.

Machi 1964 Umma ilijivunja ikaingia ndani ya ASP. Sababu zake zilikuwa na mantiki: ASP ilikuwa na wafuasi wengi, Umma ilikuwa na ujuzi, na mapinduzi yalihitaji safu moja. Mimi naamini hilo ndilo lililokuwa kosa lao kubwa. Walipokubali kwamba chama kidogo hakina haja ya kuwapo, waliipa nguvu hoja kwamba hakuna chama kingine chochote chenye haja ya kuwapo. ASP ikabaki peke yake, na Wazanzibari hawakupiga tena kura ya kuwachagua wawakilishi wao hadi mwaka 1980. Baada ya Muungano wa Aprili 1964 wengi wao walitawanywa kwa vyeo. Babu alikwenda serikalini Dar es Salaam, na Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 22, alipelekwa Cairo kuwa balozi. Wengine walibaki Unguja, wakakalia viti vya Baraza la Mapinduzi na wizara, wakashiriki katika utawala uliowafunga watu bila ya mashtaka. Hatuwezi kuwaosha kwa hilo. Wao wenyewe, katika kumbukumbu walizoziandika uzeeni, hawakujiosha sana.

Tarehe 7 Aprili 1972 Karume aliuawa Kisiwandui. Waliokuwa Umma walikamatwa mmoja mmoja, mwenye khabari na asiye na khabari. Kesi ya uhaini ilisikilizwa katika mahakama isiyoruhusu mawakili wa utetezi. Mwaka 1974 Babu alihukumiwa kifo bila ya kuwapo, kwa kuwa Julius Nyerere alikataa kumpeleka Unguja. Alikaa gerezani bara hadi 1978, kisha akaenda kufundisha Marekani na kuishi London, ambako alifariki tarehe 5 Agosti 1996. Maiti yake ilirudishwa ikazikwa Unguja.

Tangu hapo urithi wa Umma umeendelea kuishi kwa njia mbili. Ya kwanza ni tuhuma. Mwaka 2005 Salim Ahmed Salim alipowania kuteuliwa na CCM kugombea urais wa Muungano, alikuwa amekwisha kuwa Waziri Mkuu, Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwa miaka kumi na miwili. Yote hayo hayakuzuia ujana wake wa kabla ya mapinduzi kufukuliwa na kugeuzwa silaha. Aliyeondoka Hizbu kwa sababu ya asili alirudishwa Hizbu kwa sababu ya asili.

Njia ya pili ni maandishi, na kwangu mimi hiyo ndiyo amana yenyewe. Babu aliandika kitabu chake maarufu juu ya ujamaa wa Afrika akiwa gerezani, nacho kilichapishwa mwaka 1981, kwa Kiingereza. Adam Shafi, aliyetiwa kizuizini baada ya mauaji yale ya 1972, alituachia riwaya ya Haini mwaka 2003, na hakuna msomaji aliyeimaliza akabaki haelewi kwa nini wazee wetu walinong'ona. Kumbukumbu za Ali Sultan Issa zilitoka 2009. Mwaka 2018 Hashil Seif Hashil alichapisha Mimi, Umma Party na Mapinduzi ya Zanzibar, kwa Kiswahili ambacho kuli na mchukuzi wangekisoma bila ya mkalimani. Ilichukua zaidi ya nusu karne chama kilichojiita cha watu wote kuwaeleza watu hao khabari zake kwa lugha yao.

Je, Umma inaweza kurudi? Kwa sura yake ya zamani, haiwezi. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inataka chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mmoja wa mikoa kumi ya Jamhuri, miwili ikiwa ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Chama cha visiwani peke yake hakisajiliwi. Aidha, tumeona mwaka 2019 jinsi chama kidogo, ACT-Wazalendo, kilivyogeuka kikubwa visiwani kwa muda mfupi, Seif Sharif Hamad alipokihama CUF pamoja na wafuasi wake. Maana yake ni kwamba kwetu watu bado humfuata mtu na historia ya jamaa zao zaidi kuliko programu. Maridhiano ya 2010 na serikali ya umoja wa kitaifa yaligawa madaraka baina ya kambi mbili. Hayakuzivunja kambi hizo.

Lakini swali la Umma lingalipo, na halihitaji usajili. Bado uchaguzi unapokaribia tunaulizana mtu katokea wapi kabla ya kuulizana anapata nini kwa siku. Atakayelichukua swali hilo upya itambidi achukue pia funzo la Machi 1964: uchache si aibu, na sauti ndogo iliyobaki huru ina manufaa zaidi kuliko sauti ndogo iliyomezwa na kubwa kwa nia njema.

Mzee Komredi alifariki miaka mingi iliyopita. Sikupata kumwuliza lolote, kwani nilipopata ujasiri yeye alikwisha poteza kumbukumbu. Mwaka jana mjukuu wangu aliona moja ya vitabu vile mezani, akaniuliza komredi ni nani. Nilianza kumjibu kama alivyonijibu ami yangu, nikajizuia. Nikamwita akae, nikamsomea ukurasa wa kwanza.