Butembo-Beni: Historia ya karte ya vizite, tangu mashine ya kuandikia mpaka CorelDRAW

Mjini Butembo, mfanyabiashara anayepanda gari kwenda kununua mali Kampala, ao ndege kwenda Dubai na Guangzhou, hubeba pasipoti, simu na karte ya vizite. Pasipoti inatoka kwa serkali. Simu inatoka dukani. Karte ya vizite ameiagiza mwenyewe, akachagua rangi na maneno, akaamua namna gani anataka watu wamjue. Ukisoma karte hiyo mstari kwa mstari, unakuta ndani yake historia ya Butembo na Beni.

Mstari wa kwanza ni jina. Kwa Wanande, mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi yake katika uzao. Mtoto mume wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudi kwa asili, Mobutu alikataza majina ya Kikristo, na kwenye makaratasi ya Zaire yakabaki majina ya jadi peke yake. Ukiita Kambale katikati ya soko la Butembo, wengi watageuka. Kwa hiyo mfanyabiashara wa huku alihitaji kitu cha kumtofautisha na wenzake: jina la nyumba yake ya biashara.

Hapo ndipo zinaingia herufi tatu ambazo kila mtu anazijua: Ets. Ni kifupi cha neno la Kifaransa établissements, lililobaki tangu wakati wa Wabelgiji. Butembo ilianza kukua katika miaka ya 1920 pembeni ya kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs, na maduka makubwa yalikuwa mikononi mwa wageni. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipite kwa raia wa Zaire. Mahali pengi maduka hayo yalianguka. Huku Butembo, wafanyabiashara wa Kinande walijenga njia yao wenyewe: kahawa na mazao vikitoka, nguo na vyombo vikiingia, kupitia Kasindi, Kasese na Kampala mpaka bandari ya Mombasa.

Wakati ule, chombo cha kuaminisha watu kilikuwa kashe, ule muhuri wa wino. Barua iliandikwa kwa mashine, ikapigwa kashe, ikawa na nguvu. Karte ya vizite ilikuwa ya watu wachache. Kwa uchapaji wa herufi za risasi, kila herufi hupangwa kwa mkono, na kazi ya kupanga ni ileile, uchapishe karte 20 ao 1000. Aliyetaka chache alilipa sana kwa kila moja, kwa hiyo walioagiza ni mabosi, wakubwa wa ofisi na mapadri.

Mageuzi yalitoka mbali. Huko Ottawa, Kanada, kampuni ya Corel iliyoanzishwa na Michael Cowpland ilitoa programu ya CorelDRAW mwezi wa Januari 1989. Programu hiyo haihifadhi picha kama vidoto vingi. Inahifadhi mistari kwa hesabu. Nembo iliyochorwa kwa ajili ya karte ndogo inaweza kukuzwa mpaka ijae kwenye kaliko la barabarani, na kingo zake zikabaki safi. Mchoro mmoja unatumika kwa karte, kashe, fakture na kibao cha mlangoni.

Mwaka huohuo wa 1989 ndipo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, kilianzishwa Butembo. Chuo kikuu kinaleta kazi za kuandikisha, na kazi za kuandikisha zinalisha sekretaria, zile nyumba ndogo za fotokopi na kompyuta. Kijana anayejua kupanga ukurasa wa kazi ya mwanafunzi hakawii kujifunza kupanga karte.

Kitu kilichofanya karte itafutwe na kila mtu ni simu ya mkono. Vita vya 1998 mpaka 2003 viligawa inchi, na Beni na Butembo zikawa upande wa waasi, mbali na Kinshasa. Posta ilikuwa imelala zamani, hata taasisi kadhaa za huku zikapokea barua kwa sanduku la posta la Uganda. Celtel iliingia Kongo mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002. Nambari ya simu ikawa anwani mpya. Celtel ikageuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, lakini nambari ya 099 haikugeuka. Ndiyo maana kwenye karte nyingi nambari mbili ao tatu zinaandikwa kubwa kuliko jina la barabara.

Chini kabisa kuna mistari midogo ambayo wengi hawaisomi. Karte ya zamani inaonyesha NRC, daftari ya biashara ya wakati ule. Karte mpya inaonyesha RCCM, kwa sababu Kongo iliingia katika OHADA tarehe 12 Septemba 2012 na sheria za biashara zikabadilika. Pembeni yake kuna Id. Nat. na nambari ya kodi. Mwenye kuandika hayo anaambia mteja: mimi ninajulikana na serkali.

Kazi yenyewe ina kanuni zake. Karte ya kawaida ina milimita 85 kwa 55, na karatasi moja ya A4 inabeba karte 10. Mchoraji huacha rangi ipite mpaka wa karte kwa milimita 3, ili kisu kisiache mstari mweupe pembeni. Maandishi anayaweka mbali na kingo. Rangi anazipanga kwa wino nne za uchapaji, kwa sababu buluu inayong'aa kwenye ekra inaweza kutoka imefifia kwenye karatasi. Kabla ya kupeleka faili kwa mashine nyingine, anageuza maandishi kuwa michoro, la sivyo mashine isiyokuwa na aina ile ya herufi itaweka nyingine. Na anahifadhi faili kwa toleo la zamani, maana CorelDRAW ya zamani haifungui faili ya CorelDRAW mpya. Umeme nao ukikatika kabla hajahifadhi, anaanza upya.

Bei ilipoteremka, karte ilifika kwa fundi wa seremala, mshonaji, mama wa kupamba harusi na motari. Lakini programu inayompa motari jina inaweza pia kuiga nembo ya shirika ao kampuni ya mtu mwingine. Kashe iliyokuwa na nguvu zamani sasa inachorwa kwa dakika chache. Mwenye busara akipokea karte anapiga nambari iliyo juu yake palepale, aone nani anajibu.

Na kuna kazi ambayo karte ya vizite haiwezi kufanya. Kwa miaka mingi raia wa Kongo hawakupewa karte ya utambulisho wa taifa, na karte ya uchaguzi ndiyo inayoonyeshwa kwenye bariere. Desemba 2018, wakati wa Ebola na mashambulizi, CENI iliahirisha uchaguzi Beni na Butembo mpaka Machi 2019, rais akachaguliwa bila kura za huku. Karte ya uchaguzi ilibaki mfukoni, ikitumika kwa kupita barabarani.

Tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni, watu wengi wameacha nyumba zao za Eringeti, Oicha na Mbau. Duka likihama, mstari wa anwani kwenye karte unakufa. Mwenye duka akifika Beni mjini ao Butembo, anaingia sekretaria na karte yake ya zamani. Mchoraji anafungua faili, anafuta jina la barabara, anaandika jina la mtaa mpya, na kuchapisha karatasi moja, karte 10. Jina la nyumba na nambari ya simu haviguswi, ili wateja wa kule alikotoka wapate kumjua tena.